Mpaka Utakapojifunza Kunyamaza

Treviso, 7 Septemba 2003

Kaka yangu Eftimie,

Nakusalimu wewe na wifi Olimpia na kila aliye hapo nyumbani, hadi kuku wa wifi. Mimi ni mzima ila mgongo. Bi Ersilia ninayemtunza ni mwanamke mwenye mifupa mizito, na kumtoa kitandani kila asubuhi ni kazi ya wanaume wawili. Leo Jumapili wamenipa saa tano za kupumzika, nami naandika nikiwa kwenye benchi la hapa wanapoegesha mabasi, nikimngoja dereva Gelu amalize kupakia vifurushi vya watu vya kuleta huko nyumbani. Simu ya posta hapo kijijini naona imekufa tena.

Nieleze habari za Catrinel wangu. Miezi sita sasa tangu nimwache kwenu, na ametimiza miaka minane bila mimi. Anakula? Bado anauliza maswali mpaka mtu anataka kukimbia? Nimemtumia kalamu za rangi. Mwambie achore chochote, hata kuku, mradi mkono uwe wake.

Kuna jambo nataka kukusimulia, na usinune. Kila Jumapili asubuhi namsukuma Bi Ersilia kwenye kiti chake hadi kanisani kwao. Mbele kabisa, karibu na madhabahu, wametandika zulia, na watoto wanakaa hapo. Juzi kitoto kimoja kilisimama katikati ya mahubiri kumwambia padri kwamba jino lake limeng'oka. Unajua padri alifanya nini? Alinyamaza, akashuka, akainama kulitazama pengo, akasema, "Hongera, umekua," kisha akarudi kuendelea na mahubiri. Hakuna aliyecheka wala kukasirika. Nililia, kaka. Sijui hata kwa nini.

Dada yako,
Minodora


Poiana Socului, 28 Septemba 2003

Minodora mdogo wangu,

Amani iwe kwako huko uliko. Barua imefika na kalamu zimefika. Sisi tu wazima. Wifi yako goti linamsumbua, lakini haachi kupanda ngazi kuchuma plamu, na jiko lote linanuka jamu. Mvua ilitukawiza na mahindi.

Catrinel anakula vizuri na shule imeanza. Maswali hayajapungua. Juzi aliniuliza kama Mungu naye huenda Italia kufanya kazi. Nilimjibu kwamba Mungu yuko kila mahali. Akasema, "Basi mama angeenda mahali palipo karibu zaidi."

Kuhusu kanisa la huko, Wakatoliki wana taratibu zao na sisi Waorthodoksi tuna zetu, tulizoachiwa na baba na babu. Kwetu mtoto husimama kando ya nyanya yake na kujifunza kwa kutazama. Shida ni kwamba siku hizi hao nyanya wamebaki wachache na watoto ni wengi. Nimewahesabu: kumi na mmoja hapa kijijini ambao baba au mama, au wote wawili, wako ugenini.

Kwa kuwa umeuliza, nikupe kisa. Nikiongoza ibada, nikifika kwenye ombi la wasafiri na wanaotaabika mbali na kwao, Catrinel hupaza sauti kabla kwaya haijaitikia: "Minodora!" Mara ya kwanza watu walitabasamu. Jumapili iliyofuata akarudia, na wenzake nao wakafuata, kila mmoja na jina la mzazi wake. Bibi Parascheva, anayetunza mishumaa, amekuja kulalamika mara mbili. Nitazungumza na mtoto.

Nakuombea,
Kaka yako Padri Eftimie


Treviso, 19 Oktoba 2003

Kaka,

Salamu kwa wote. Huku baridi imeanza kuchungulia, Bi Ersilia amekohoa wiki nzima, nami nimekonda kwa kukesha naye.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Niliposoma kwamba mwanangu ananiita kanisani, nilicheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wenzangu wa kwenye benchi wakataka niisome kwa sauti. Rodica wa hapo hapo kijijini alisema, "Muulize kaka yako kama na wangu ananiita."

Kaka, tafadhali usimnyamazishe. Mwache aniite. Ombi lenyewe linatuhusu sisi, sasa anakosea wapi? Parascheva tangu tukiwa wadogo alikuwa anatufinya masikio. Hata wewe alikufinya, umesahau?

Lakini mbona safari hii hamna mchoro? Gelu alinipa jamu na soksi. Nikakung'uta mfuko mzima sikuona karatasi.

Minodora


Poiana Socului, 30 Novemba 2003

Minodora,

Nisamehe kwa kuchelewa. Theluji imeanguka mapema, na nimekuwa na safari za mjini mara kwa mara kwa sababu ya shughuli.

Catrinel amepata mafua ya kifua. Daktari amemwona na anapewa dawa. Usiwe na wasiwasi. Wifi yako yuko naye muda wote. Mchoro utakuja akipata nguvu.

Hapa hakuna jipya. Nguruwe bado hatujamchinja.

Eftimie


Treviso, 11 Januari 2004

Eftimie,

Leo sina salamu. Nitaanza na nilichokisikia.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilipiga simu posta, wakamwita Olimpia. Nikasema nipeni mwanangu. Akasema amelala. Saa nne asubuhi! Nikauliza, bado anaumwa? Akasema, "Anaendelea vizuri," akakata simu. Krismasi ikapita bila barua.

Leo Gelu, ambaye tulikuwa hatujaonana tangu Oktoba, amenikuta hapa kwenye benchi. Akaniuliza, "Mtoto amepata nafuu?" Nikasema, mafua yatamwisha. Akanitazama, akavua kofia. "Mafua gani, dada? Hawajakwambia?"

Ndipo akanieleza. Kwamba siku ya Jumapili, tarehe kumi na sita Novemba, alisimama kutia mafuta kwenye barabara kuu na kumkuta mwanangu nyuma ya kituo, amekaa juu ya matairi, amelowa mvua ya barafu mpaka nguo za ndani. Kwamba alikuwa ametembea kilomita tisa. Kwamba alimwambia, "Nilijua unapita Jumapili. Nipeleke Treviso, sitaongea njiani." Kwamba alimbeba kumpeleka hospitali ya mjini na mapafu yakawa yamejaa maji, akalazwa wiki tano. Wiki tano, Eftimie! Na wewe unaniandikia habari za nguruwe.

Nikamuuliza Gelu, ilikuwaje mtoto awe barabarani saa za ibada na mjomba wake ndiye padri? Akasema, "Hilo muulize yeye. Kijiji kizima kinajua."

Kijiji kizima kinajua ila mimi niliyemzaa. Niandikie ukweli, baba padri. Kama unavyowataka watu wakuambie wanapokuja kuungama.

Minodora


Poiana Socului, 25 Januari 2004

Mdogo wangu,

Nianze na ulilo na haki ya kulijua kwanza: Catrinel yuko nyumbani tangu tarehe ishirini na moja Desemba. Anakula, anatembea, amerudi shule. Akikimbia anakohoa. Daktari anasema mapafu yatapona lakini yanahitaji muda.

Sasa hayo mengine. Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii.

Tarehe kumi na mbili Oktoba alitutembelea padri mkuu wa wilaya. Tulikuwa tumepaka kanisa chokaa na Olimpia alikuwa amefua mapazia yote. Nilitaka kila kitu kiende sawa. Catrinel nilikuwa nimemwonya tangu Jumamosi. Aliniuliza, "Nikimwita kwa sauti ndogo?" Nikamwambia hata ndogo usimwite.

Nilipofika kwenye ombi la wasafiri, nilisoma haraka makusudi. Akawahi vilevile. "Minodora! Mama yangu Minodora, yuko Treviso!" Wale kumi wakafuata, kama vifaranga. Padri mkuu akageuza shingo kunitazama. Parascheva akasema kwa sauti ya kusikika, "Kila Jumapili! Hapa ni kanisani au mnadani?"

Niliona aibu, Minodora. Sina neno jingine zuri zaidi la kuweka hapo. Nilitoka kwenye mlango wa madhabahu nikiwa na mavazi yote ya ibada, nikasema mbele ya watu, "Mtoto huyu atolewe nje. Kanisa si uwanja wa michezo."

Hakulia. Aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Mpaka lini, mjomba?"

Nikamjibu, "Mpaka utakapojifunza kunyamaza."

Akatoka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Wenzake wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, na hakuna mtu mzima aliyewazuia. Padri mkuu aliniambia baadaye chakulani kwamba nina msimamo. Nilifurahi kuambiwa hivyo.

Na kweli alijifunza. Tangu siku ile alinyamaza, si kanisani tu. Mezani alinyamaza. Nikimsalimia aliinama. Olimpia akaniambia, "Umemfanya nini mtoto? Nenda kamwombe radhi." Nikamwambia padri haombi radhi kwa mtoto wa miaka minane kwa kulinda nyumba ya Mungu. Haya ndiyo maneno yangu, nayaandika yalivyo.

Jumapili zilizofuata watoto wote walibaki nje wakati wa ibada. Nilisikia wakicheza makaburini. Nilijiambia baridi itawarudisha ndani. Sikwenda hata mara moja kuwafungulia mlango.

Siku ile ya Novemba, baada ya ibada kulikuwa na chakula cha kumkumbuka marehemu mmoja. Mimi nilidhani yuko na Olimpia jikoni, Olimpia alidhani yuko na watoto wenzake. Nilianza kumtafuta saa kumi jioni. Unaelewa? Alikuwa ametoka saa tatu asubuhi.

Hospitali, daktari mwanamke, kijana kabisa, aliniuliza nani anamwangalia mtoto huyu. Nikasema, mimi ni mjomba wake, mimi ni padri. Akasema, "Sikuuliza kazi yako."

Kwa nini sikukuandikia? Nilikuwa nikijidanganya kwamba nakulinda. Nilikuwa najilinda mwenyewe. Nilitumaini atapona, aseme neno moja kwangu, nami nikuandikie yakiwa yamekwisha. Hajasema.

Eftimie


Treviso, 22 Februari 2004

Eftimie,

Barua yako niliifungua tarehe nne. Nimekaa zaidi ya wiki mbili bila kujibu kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa tusi.

Leo naandika kwa sababu nami nina la kusema, na haitakuwa haki nikikupiga mawe huku nimeficha langu nyuma ya mgongo. Vibali vyangu vya kuishi huku vilitoka Agosti. Agosti, kaka, kabla hata ya barua ile ya zulia na jino. Ningeweza kumchukua Catrinel tangu wakati huo. Binti wa Bi Ersilia alikuwa ameniambia, "Hapa tunataka mtunzaji, si familia," nami niliogopa kuanza kutafuta kazi upya. Nikasema mtoto yuko kwa kaka, yuko kwa padri, pana mahali gani salama zaidi ya hapo? Kila Jumapili nilikuwa nawatazama watoto wa watu kwenye zulia na kumwonea wangu huruma, na kumfuata sikumfuata.

Alikuwa akiniita kila wiki, nami niliona ni jambo la kuchekesha la kuwasomea wenzangu.

Nimepata nyumba nyingine. Mzee na mkewe, wana chumba cha nyuma, na wamekubali mtoto. Nitafika na Gelu tarehe kumi na tatu Machi, na kuondoka naye tarehe kumi na tano. Mwambie wifi namshukuru kwa zile wiki tano alizolala kwenye kiti hospitalini. Wewe sina la kukwambia bado. Usinitayarishie sherehe.

Minodora


Poiana Socului, 2 Mei 2004

Minodora,

Kristo amefufuka. Natumaini chumba ni kikavu na wazee wana roho nzuri.

Tangu mwondoke hatujaandikiana, na sikulaumu. Siku ile pale kwenye basi nilitaka kupiga magoti mbele yake. Ulinitazama nikaelewa kwamba ningefanya hivyo kwa ajili yangu, nikabaki nimesimama. Alinipa mkono kama anavyompa mgeni. Olimpia bado anatandika kitanda chake kila Jumamosi.

Wiki iliyofuata niliwaita wale watoto kumi uani kwetu, nikawauliza kwa nini hawaingii kanisani. Walitazama viatu. Mwishowe Sânziana, binti wa Rodica, akasema, "Tukikohoa unatukazia macho." Mwingine akasema haoni chochote ila migongo ya watu. Mwingine akasema Bibi Parascheva humnyang'anya mshumaa kwa sababu hafikii kinara. Miaka kumi na tisa nimekuwa padri wao na sikuwahi kuuliza.

Fundi ametengeneza kinara cha chini, kimejaa mchanga, kinachowafikia kifuani. Ombi la wasafiri sasa nalisoma nusu, kisha nanyamaza, na kila mwenye mtu wake ugenini anamtaja, mkubwa kwa mdogo. Wazee wawili walilia Jumapili ya kwanza. Kumbe nao walikuwa na majina. Baada ya ibada Olimpia anawagawia mkate na jamu ukumbini, na anawasaidia kusoma barua za wazazi wao na kuzijibu, kwa sababu wadogo hawajui kuandika vizuri. Na mkutano wa Jumapili hauishi mpaka tuhakikishe kila mtoto anajulikana anakwenda nyumbani na nani. Hilo unajua limetoka wapi.

Zulia tumelipata. Aliyelileta ni Parascheva, lile alilokuja nalo alipoolewa, limekunjwa miaka hamsini. Alilitupa sakafuni akaniambia, "Silileti kwa ajili yako." Nikamwambia najua. Akakaa kwenye kiti akasema, "Nilisema mnadani, padri. Mimi ndiye niliyesema."

Padri mkuu ameniandikia kuuliza kama ni kweli nimeweka zulia. Nimemjibu ni kweli.

Humu mna karatasi niliyomwandikia Catrinel. Nimemwomba radhi kwa maneno mafupi. Umsomee ukiona inafaa.

Eftimie


Treviso, 6 Juni 2004

Kaka,

Tu wazima. Kikohozi cha Catrinel kimepungua tangu jua litoke. Amejifunza Kiitaliano kuliko mimi, na muuza mkate ananisahihisha kwa kumtumia yeye.

Nilimsomea karatasi yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Nikasema nenda. Sikumwongezea neno na naomba nawe usimwongezee.

Yote uliyoyafanya niliwasomea wenzangu kwenye benchi. Rodica alikushukuru mpaka nikaona aibu kukaa kimya. Nakushukuru na mimi. Ni kweli nakushukuru. Ila naomba ujue jambo moja, maana ulinieleza yako yote.

Jumapili tunakwenda naye kanisani, kule kwenye watoto na zulia. Anakuja hadi mlangoni, anashika mwimo wa mlango na haingii. Padri wa hapa alimjia, akachuchumaa, akamwambia karibu, ndani ni kwako pia. Akajibu kwa adabu, "Asante, bado ninajifunza." Padri hakuelewa. Mimi nilielewa, nikageuka upande ili asinione uso.

Sasa tunasimama nje pamoja, mimi na yeye. Mlango wanatuachia wazi.

Minodora


Poiana Socului, 18 Julai 2004

Minodora wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili nimeshindwa.

Huku kuna joto, nyasi tumeshakata, goti la wifi yako limetulia kidogo. Watoto sasa ni saba, maana watatu wamefuatwa na wazazi wao, mmoja Uhispania na wawili huko kwenu. Nilifurahi kuwaaga. Niliwaambia wakiingia kanisa lolote huko wasiombe ruhusa.

Leo nilikuwa na ubatizo, na kanisa lilijaa. Katikati ya mahubiri kichanga kililia karibu na mlango. Mama yake ni Veta, mke wa mwashi, huyu aliyeolewa hapa miaka mitatu iliyopita; siku ile ya padri mkuu naye alikuwepo. Mara moja akaanza kujikusanya ili atoke. Nilinyamaza, nikashuka, nikapita katikati ya watu mpaka alipo. Nikamwambia, "Veta, kaa. Mwache alie. Sisi tutasubiri, au nitahubiri kwa sauti zaidi."

Alinishukuru vizuri sana. Akasema, "Asante, baba, wala usijisumbue." Kisha akajitanda shuka, akamfunika mtoto, akatoka.

Nilirudi mahali pangu nikamalizia mahubiri, sijui nilisema nini. Kupitia dirishani nilimwona akitembea kule na huku kwenye njia ya makaburi, akimbembeleza mtoto, na kila alipofika karibu na mlango aliushusha uso na kupunguza sauti, asije akanisumbua.

Kaka yako,
Eftimie